Jina Moja kwa Walimu Watatu

Kaeni vizuri, na aliyekuja na jibu mfukoni alirudishe kwao kwanza, kisha aje asikilize. Mmezoea visa vya ndugu watatu wanaogombea binti wa mfalme. Leo sina binti wala mfalme. Nina walimu watatu, fomu yenye kisanduku kimoja, na mwanamke anayezunguka ofisini kwake tangu asubuhi bila kwenda popote.

Mwanamke huyo ni Eliwaza Mkumbo, Mwalimu Mkuu wa Shule ya Msingi Msambweli, kule Singida kwenye mawe makubwa na mashamba ya alizeti. Walimu hao watatu ni wa shuleni kwake, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza, Rweyongeza, alikuwa na jicho. Alikuwa kijana wa Bukoba, mwalimu wa hisabati, mpole, mwenye maneno machache. Ukimwacha chumbani dakika mbili atakuambia kiti kipi kimelegea msumari.

Wa pili, Sikudhani, alikuwa na mkono. Mama wa Kondoa, miaka ishirini na sita yuko Darasa la Kwanza, na mtoto akikaa ubavuni mwake wiki chache, husoma. Ukimuuliza anafanyaje, anacheka na kusema hajui.

Wa tatu, Ntandu, alikuwa na ulimi. Mzaliwa wa hapohapo, ndiye mwalimu wa taaluma, anayesimamia ufundishaji wa shule nzima. Mtu alikuja kumgombeza, akaondoka akiwa ameahidi kumletea kuku.

Basi Jumatano moja ya mwezi wa kumi na moja, Afisa Elimu Kata, Bwana Mshana, alifika kwa pikipiki kabla kengele ya kwanza haijagongwa. Hakukaa hata kitini.

"Mwalimu Mkuu, hongera. Habari zenu zimefika wilayani. Mlimbwa wanafungua shule Januari, watoto mia tatu, na mkuu hawana. Wanamtaka yule aliyewafanya watoto wa hapa wajue kusoma. Jaza jina, gonga muhuri, napita saa nane kuchukua."

"Lakini Afisa, hakuwa mmoja. Walikuwa watatu."

"Najua, kazi ya pamoja, sote tunapenda kuisema hiyo. Ila shule haiongozwi na watu watatu." Akamwonyesha kisanduku kwa kidole. "Ukiacha wazi, watapewa mtu yeyote aliyepo kwenye orodha. Na watoto wa Mlimbwa watapata walichokuwa wanapata wa kwako zamani."

Hayo aliyasema mlangoni, tena kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na pikipiki. Kufikia saa ya chai shule nzima ilikuwa inajua.

Walichokuwa wanapata wa kwake zamani. Maneno hayo yalimchoma Eliwaza, maana zamani hiyo ilikuwa yake mwenyewe. Hebu niwaeleze, msije mkamwonea bure au mkamhurumia kupita kiasi.

Eliwaza hakuacha kufundisha alipopata ukuu. Alibaki na kipindi kimoja alichokipenda, kusoma, Darasa la Pili. Yeye husoma mstari, watoto sabini na mmoja huitikia, na sauti zao zilifika mpaka kisimani. Mgeni yeyote aliyefika Msambweli alipelekwa huko kwanza. Wageni walipiga makofi, wakaandika sifa kwenye kitabu cha wageni, na Eliwaza akalala usingizi mtamu kwa miaka kumi na mmoja.

Wakati huo Rweyongeza alikuwa ana mwezi mmoja tu shuleni. Siku moja alikwenda Darasa la Pili kuomba chaki. Alisimama nyuma akingoja mstari uishe, na wakati anangoja akaona kidole cha mtoto mmoja kiko mstari wa tatu na mdomo uko wa saba. Akamwona mwingine anasoma huku anatazama dirishani. Wawili walikuwa wamefungua ukurasa ambao si wenyewe, na walikuwa wanasoma vizuri kabisa. Alichukua chaki akaondoka, na kwa siku tatu hakuwa na raha. Siku ya nne alikwenda ofisini.

"Shikamoo, Mkuu. Nina jambo, na ninaogopa kulisema."

"Marahaba. Sema, mwanangu, hapa hatuli watu."

"Watoto wa Darasa la Pili hawasomi, Mkuu. Wamekariri. Waambie wasome mstari kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza, utaona."

Eliwaza alikasirika. Alimuuliza ametoka chuo gani, na huko chuoni walimfundisha kuingia darasa la mtu bila kubisha hodi? Kijana aliomba radhi akatoka. Lakini neno lilishaingia, na mapumziko yalipofika Eliwaza alikwenda na kitabu, akamwita mtoto mmoja mmoja. Soma hili la mwisho. Sasa hili kabla yake. Katika sabini na mmoja, walioweza walikuwa tisa. Aliona haya mpaka chai ikapoa mezani, na haya hiyo haikumtoka kwa muda mrefu. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema, lakini hawasemi kupona huko kunauma kiasi gani.

Sasa, kuujua ugonjwa ni jambo moja. Rweyongeza alipoulizwa tufanye nini, alikuna kichwa. Kuona aliona, dawa hakuwa nayo.

Dawa ilikuwa kwenye jengo la mwisho, kule ambako wageni hawapelekwi kwa sababu ya kelele. Sikudhani alikuwa akikata makaratasi ya pakiti za unga na maboksi ya sabuni, anaandika silabi, anawapa watoto wazipange mikekani wanavyotaka. Hakumtaka mtoto aitikie. Alimtaka atengeneze neno, alivunje, atengeneze lingine, na akikosea alimwachia muda mpaka aone mwenyewe. Watoto walitoka kwake wakijua kusoma. Wakifika Darasa la Pili wanakuta wimbo, wanaimba, na kidogo walichokuja nacho kinapotea. Alikuwa akiliona hilo mwaka hadi mwaka na alinyamaza, kwa sababu darasa la mbele yake lilikuwa la Mwalimu Mkuu.

"Kwa nini hukuniambia, dada?" Eliwaza alimuuliza.

"Ningekuambiaje, mdogo wangu? Wageni wanakupigia makofi, mimi nije nikuambie zima redio?"

Tangu kesho yake Sikudhani aliwachukua wale sitini na wawili kila asubuhi kabla ya kengele. Kufikia Pasaka nusu yao walikuwa wanasoma, mbele na nyuma. Lakini shule ilikuwa na watoto mia sita na arobaini, na wa Darasa la Sita waliokariri walikuwepo pia. Mkono wa Sikudhani ulikuwa mmoja. Alipoombwa awafundishe walimu wenzake, alisimama mbele ya kikao, akasema sentensi tatu akakaa. "Kueleza sijui," alisema. "Njooni mtazame."

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Mwalimu gani anataka kutazamwa? Wale walimu walikuwa wamekaguliwa maisha yao yote. Wakaguzi huja, hukaa nyuma na kalamu, huandika, huondoka, na baada ya miezi miwili inarudi barua. Mwalimu wa Darasa la Tano alikuwa akifunga mlango kwa komeo kabisa akiwa anafundisha.

Ntandu ndiye aliyewafungua. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akala ugali wa watu wiki mbili, akachekesha, akasikiliza, kisha akaja kikaoni na utaratibu wake. Alinunua kigoda kimoja cha fundi wa gulioni. "Anayeingia darasa la mwenzake," alisema, "haji na kalamu. Anakaa kigodani, chini, pembeni mwa mtoto mmoja. Hamtazami mwalimu. Anamtazama mtoto huyo tu, anaangalia anafanya nini. Kipindi kikiisha, anasimulia alichokiona kwa mtoto. Mwalimu hatajwi."

"Na wewe utapeleka taarifa ofisini," alisema yule wa Darasa la Tano.

"Nisikilizeni vizuri. Cha kigodani kinabaki kigodani. Hakuna atakayeshushwa kwa ajili yake, na hakuna atakayepandishwa kwa ajili yake. Nikivunja hilo, mniite mwongo mbele ya watoto wangu. Na wa kwanza kukaliwa kigoda ni Mwalimu Mkuu."

Kila mtu alimgeukia Eliwaza. Ntandu hakuwa amemuuliza kabla. Eliwaza alisema sawa.

Tangu siku hiyo kila Jumatano walimu walipeana zamu. Walikaa kwa Sikudhani wakaona makaratasi ya unga, wakaiga. Walikaliana wenyewe kwa wenyewe. Rweyongeza ndiye aliyewafundisha cha kutazama, kidole kiko wapi, jicho liko wapi. Sikudhani ndiye walimkimbilia mtoto akigoma. Ntandu ndiye aliyepatanisha walionuniana, na walinuniana sana, msidhani palikuwa peponi. Na Ijumaa jioni hao watatu pamoja na Eliwaza walikaa ofisini wakijadili mtoto mmoja mmoja, kwa ubishi mwingi na karanga. Mwaka wa pili wilaya ilipopima, Darasa la Pili lilikuwa na watoto sabini na wanne, na sitini na wanane walisoma kitabu ambacho hawajawahi kukiona.

Ndiyo hayo. Sasa turudi kwenye fomu, maana saa haimngoji mtu.

Saa nne Eliwaza alikaa, akaandika tarehe, akasimama. Alifungua dirisha, upepo ukapeperusha karatasi, akalifunga. Alihamisha maboksi ya chaki kutoka kona hii kwenda ile, bila sababu yoyote. Alipochungulia uwanjani aliona jambo lililomtia hofu. Ilikuwa Jumatano, siku ya zamu, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyekwenda kwa mwenzake. Kigoda kilikuwa barazani, na milango yote ilikuwa imefungwa. Jina lenyewe halijaandikwa, na tayari watu wameanza kujifungia.

Saa tano Rweyongeza alibisha hodi. Safari hii hakusema anaogopa.

"Mkuu, naomba nafasi ile. Sitazunguka. Kama nisingesema siku ile, mngekuwa mnaimba mpaka leo. Na nilipokuja kusema nilijua unaweza kuniandikia barua mbaya nikaharibikiwa kazini. Wengine walijua kabla yangu wakanyamaza."

Alikuwa anamsema Sikudhani, na wote wawili walijua. Eliwaza alitaka kumkemea akashindwa, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli.

"Ukienda Mlimbwa," alimuuliza, "utaona. Halafu?"

"Nitajifunza," alisema kijana.

Hakuwa ametoka vizuri Sikudhani akaingia, akafunga mlango, akakaa bila kukaribishwa. Eliwaza alimwamkia, "Shikamoo, dada," na Sikudhani aliitikia huku anatazama fomu.

"Nimebakiza miaka minne nistaafu," alisema. "Nimefundisha miaka ishirini na sita. Wakuu sita wamepita hapa, na hakuna aliyewahi kuniuliza unataka nini. Mdogo wangu, mwaka huu nataka. Nataka niingie mahali watu wasimame."

"Dada, kikaoni ulisema sentensi tatu ukakaa."

"Nilikaa, ndiyo. Na watoto walisoma. Kuona kulimfundisha mtoto gani? Maneno yalimfundisha mtoto gani?" Machozi yalimlengalenga, na aliyafuta kwa hasira. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

Eliwaza alimpenda yule mama, na alimwonea haya kwa miaka yote ile ya makofi.

Ntandu hakuja. Saa saba ikapita, hakuja, mpaka Eliwaza akamfuata mwenyewe chini ya paa la jiko la shule, ambako alikuwa anatania wapishi. Alipomwona Mkuu anakuja, utani ulimkauka.

"Wenzako wamekuja kusema yao. Wewe je?"

"Nitasema nini, Mkuu? Niliapa mbele ya watu kwamba hakuna atakayepandishwa kwa sababu ya kigoda. Nikiitaka nafasi, mimi mwongo. Akipewa mwingine, mimi bado mwongo, maana nilisema hakuna."

"Kwa hiyo huitaki?"

Alicheka, lakini si kicheko chake cha kila siku. "Naitaka sana. Mke wangu ni wa Mlimbwa. Na tuseme ukweli, mwenye jicho alikaa na jicho lake, mwenye mkono alikaa na mkono wake, milango ilikuwa imefungwa kwa komeo. Nani aliifungua? Kule Mlimbwa walimu ni tisa na hawajuani. Mtu wa kwanza wanayemhitaji ni yupi?" Kisha akashusha sauti. "Ila nikiondoka mimi, Mkuu, hapa watakaa miezi mitatu kabla hawajarudisha makomeo. Unalijua hilo."

Alilijua. Na hapo ndipo alipogundua jambo lililomkosesha raha kuliko yote. Tangu asubuhi alidhani anatafuta nani anastahili. Kumbe moyoni alikuwa anapiga hesabu nyingine, nani akiondoka shule itaumia kidogo. Ambaye shule ilimhitaji kidogo ndiye angepewa zawadi, na ambaye ilimhitaji sana ndiye angenyimwa. Hiyo ni haki gani? Alijichukia kwa hilo, na bado hakuweza kuliacha, kwa sababu watoto mia sita na arobaini nao walikuwa na haki yao.

Alirudi ofisini karibu anakimbia. Wazo lilimjia, akafurahi nalo kwa muda wa kufika mezani. Aandike jina lake mwenyewe! Aende yeye Mlimbwa, awaache watatu pamoja. Na wako baadhi yenu hapa, nawaona, mlikuwa mnangoja kuniambia kwamba anayestahili ni Eliwaza, kwa sababu ni yeye aliyekubali kuaibika wa kwanza, na mkuu mwingine angemhamisha kijana akaendelea na wimbo wake. Sawa, nimewasikia. Lakini akiondoka Eliwaza kiti chake kinabaki wazi, na wilaya italeta fomu ya pili, na kisanduku chake kitakuwa kimoja vilevile. Aligundua hilo kalamu ikiwa mkononi, na akaketi kwa kishindo.

Pikipiki ilisikika kutoka upande wa barabara. Uwanjani walimu walitoka madarasani mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake. Rweyongeza alisimama karibu na mlingoti wa bendera. Sikudhani alikaa barazani, ameshika mkoba wake magotini kwa mikono miwili. Ntandu alikuwa mbali kidogo, kwa mara ya kwanza hana wa kuzungumza naye.

Bwana Mshana aliingia na vumbi lake. "Mwalimu Mkuu, jina."

Eliwaza aliandika. Akagonga muhuri, akaikunja fomu, akampa. Ni jina gani, mimi nalijua, na msihangaike kunibembeleza kwa sababu siwaambii. Wala asiniambie mtu "wote watatu," jibu hilo Afisa amekwisha kulikataa.

Bila jicho, wangekuwa wanaimba mpaka leo. Bila mkono, wangejua ugonjwa na kufa nao. Bila ulimi, dawa ingebaki kwenye jengo la mwisho. Mlimbwa kuna watoto mia tatu wanaomngoja mmoja wao, na Msambweli kuna mia sita na arobaini watakaobaki na wawili. Mmoja alikuwa jasiri, mmoja alisubiri miaka ishirini na sita, na mmoja aliapa.

Je, wewe ungeandika jina la nani? Na ukishaliandika, Afisa akaondoka nalo, ukafungua mlango wa ofisi ukawakuta watatu wote wamesimama wanakutazama, wale wawili ungewaambia nini?